Mtoto wa Nasari na Maua ya Nyumbani

Wazazi wenzetu, kila Januari shule zinapofunguliwa tunaulizwa maswali yale yale na akina mama na akina shosho. "Mtoto wangu ana miaka minne na sina karo ya nasari. Je, atabaki nyuma?" Mwingine anasema: "Yuko nasari, lakini akija nyumbani anakaa tu. Nimnunulie vitabu gani?" Na wako wale wanaofanya kazi katika mashamba ya maua upande wa Timau na Nanyuki, wanaotoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni. Hawa hutuuliza kama ile saa moja iliyobaki kabla ya mtoto kulala inaweza kufaa kitu chochote.

Inafaa, na tena sana. Kitu cha kufundishia nacho hakiko dukani Nyeri mjini wala Karatina. Kiko uani, kando ya shimo la maji machafu pale malenge yanapotambaa, kwenye ua wa miti, na katikati ya mistari ya maharagwe. Katika ukurasa huu tunataka kueleza jinsi maua yanavyoweza kumsaidia mtoto wa miaka mitatu hadi mitano kuhesabu, kusema, kutofautisha rangi na kuzoesha vidole vyake kabla hajashika penseli.

Tunajua kuna watakaocheka. Mzee mmoja katika mkutano wetu alisema waziwazi kwamba maua ni ya harusi na matanga, na ya kuwauzia wazungu. Hatukumlaumu, maana wengi wetu tumelelewa hivyo: ua ni pambo, na pambo halishibishi mtu. Lakini hebu tufikirie kidogo. Ni chakula gani tunachokula ambacho hakikuanza na ua? Maharagwe yalikuwa ua, na malenge vile vile. Mahindi pia yana maua, ingawa watu hawayaiti hivyo. Kahawa iliyolipa karo zetu wenyewe tulipokuwa shule ilianza kama ua jeupe dogo lenye harufu tamu. Mtoto anayejifunza kuliangalia ua anajifunza kuliangalia shamba, na mtoto wa mkulima hapotezi kitu kwa kufanya hivyo.

Jambo hili si geni

Mjerumani Friedrich Froebel, aliyeishi kutoka 1782 hadi 1852, ndiye aliyeipa shule ya watoto wadogo jina la Kindergarten, mwaka 1840. Maana yake ni bustani ya watoto. Wala hakuwa akitumia maneno matamu tu: katika shule yake kila mtoto alikuwa na kipande chake kidogo cha bustani cha kupanda na kutunza.

Huku kwetu nasari zilianza kwa njia ya uchungu zaidi. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, watu wa Mkoa wa Kati walikusanywa kwa nguvu katika vijiji na akina mama wakapelekwa kazi ya lazima. Watoto wadogo wakawa wanawekwa mahali pamoja ili walindwe na kupata chakula. Baada ya uhuru, wazazi wenyewe wakajenga nasari kwa mbao na harambee. Mwaka 1984 kikaanzishwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, chini ya Taasisi ya Elimu ya Kenya. Walimu waliopitia mafunzo yake watakumbuka jinsi walivyohimizwa kutengeneza vifaa kwa vitu vya nyumbani: mikebe, vizibo, mbegu, magunzi ya mahindi. Siku hizi nasari ni jukumu la kaunti, kufuatana na Katiba ya 2010, na madarasa yanaitwa PP1 na PP2. Mtaala wa sasa unataka mtoto ashike, aone, ajaribu na aseme. Kwa hivyo mzazi anayecheza na mtoto wake kwa maua nyumbani yuko pamoja na mwalimu.

Tena tuna mfano wa hapa hapa Nyeri. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka 1940. Katika kitabu alichoandika kuhusu maisha yake, kilichotoka mwaka 2006, anaeleza jinsi alivyocheza kando ya kijito karibu na mti wa mugumo alipokuwa mdogo. Aliona mayai ya chura yamejipanga ndani ya maji kama shanga, akajaribu kuyainua ayavae shingoni, nayo yakamponyoka. Hakuna aliyemwekea mtihani pale. Lakini msichana huyo alikuja kusomea elimu ya viumbe, akaanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hatusemi kila mtoto anayechezea maji atapata tuzo. Tunasema macho ya mtoto hufunguka mapema, na mtu mzima aliye karibu anaweza kuyasaidia au kuyafunga.

Kuhesabu kwa petali

Wazazi wengi hufundisha namba kama wimbo: moja, mbili, tatu, nne, mpaka ishirini, na mtoto anapigiwa makofi. Ni vizuri, lakini mwambie akuletee vijiko vitatu, utamwona anakuja na saba. Ameimba namba, hajazijua. Namba inaingia kichwani mtoto anapoigusa kwa kidole.

Hapa ua ni mwalimu mzuri kwa sababu maua ya aina moja kwa kawaida hurudia idadi ile ile ya petali. Chukua mtoto mtembee polepole mkitafuta namba. Bogenvilia iliyo kwenye geti ina majani matatu ya rangi yaliyojikusanya pamoja. (Yale mekundu au ya zambarau tunayoyaita maua ni majani yaliyogeuka rangi, maua yenyewe ni yale madogo meupe yaliyo ndani, nayo pia kwa kawaida ni matatu.) Kwa nne, wacha mche mmoja wa sukuma wiki uzeeke utoe maua. Kila ua lina petali nne za manjano zilizopangwa kama msalaba. Tano ni rahisi sana: ua la kiazi, yaani waru, lina pembe tano, ua la malenge limegawanyika mara tano, na ua la kahawa nalo huwa na petali tano. Kwa sita, angalia maua madogo ya kitunguu kilichoachwa shambani.

Kwa mbili kuna mukengeria, ile nyasi tunayowakatia sungura. Ua lake lina petali mbili kubwa za buluu zilizosimama kama masikio. Ukiangalia sana utaona ya tatu, ndogo na iliyofifia, imejificha chini. Usimwambie mtoto. Mwache ahesabu mbili kwa wiki nzima, halafu siku moja muulize: "Una hakika?" Atakapoipata ile ya tatu mwenyewe, hatasahau.

Baada ya kuhesabu, peleka kazi mbele kidogo. Mpangie maua ardhini kutoka dogo hadi kubwa. Panga nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, kisha umuulize gani linafuata. Mwambie atenge yenye harufu na yasiyo na harufu. Tupa petali kumi juu ya gazeti, funika nne kwa kikombe, muulize zimefichwa ngapi. Mambo haya ya kupanga, kulinganisha na kutenga ndiyo msingi wa hesabu yote atakayoikuta shule ya msingi. Mtoto aliyeyafanya kwa mikono mwaka mzima hatababaika akiona ishara ya kujumlisha.

Neno fupi kuliko yote

Kiswahili kimetupatia zawadi. Neno "ua" lina herufi mbili tu, na zote ni vokali. Mtoto anayeanza kusoma anaweza kuliandika siku ya kwanza: u, kisha a. Mwandikie mchangani kwa kijiti, afuatilie kwa kidole. Kisha aweke petali juu ya mstari uliochora mpaka herufi yote ifunikwe. Hapo kidole kinajifunza mviringo wa "a" bila penseli na bila mtu kumgombeza.

Kutoka hapo ingia kwenye moja na nyingi: ua moja, maua mawili, maua matatu. Huku kwetu tumezoea kusema "maua mbili" na watoto hufuata tunavyosema. Usimkatize mtoto kwa ukali. Akisema "nimeona maua mbili", wewe jibu tu: "Ndiyo, maua mawili, na lile kule je?" Atasikia na atabadilika polepole. Na kama nyumbani mnaongea Gikuyu au Kimeru, usione haya kuanza na lugha hiyo. Mtoto anayejua kusema ihũa na mahũa tayari ameelewa moja na nyingi. Shuleni atapata tu jina la pili la kitu anachokijua. Walio na shosho nyumbani wana bahati zaidi, kwa sababu shosho anajua majina ya mimea ambayo sisi tuliosoma mjini tumeyasahau, na anajua kila mmoja ulikuwa ukitumika kwa nini.

Vitendawili navyo vinafaa jioni wakati chakula kiko motoni, na si lazima viwe vya zamani. Tunga chako: "Petali zangu ni nne za manjano, majani yangu mnayala na ugali. Mimi ni nani?" Watoto wa miaka mitano wakishapata mtindo huo huanza kutunga vyao. Vingi havina kichwa wala miguu. Cheka naye, halafu muulize maswali mpaka kikae sawa.

Ua linakwenda wapi?

Hili ndilo somo tunalolipenda kuliko yote, na linataka subira. Mvua za Machi zikianza, mpe mtoto mbegu tano za maharagwe na mkebe wa Kimbo uliotobolewa chini, au kipande cha shamba kisichozidi hatua mbili. Kipande hicho ni chake. Chomeka kijiti kando ya mche na kila Jumamosi piga alama ya mkaa pale mche ulipofika. Mapeni ya shubiri na vidole yanatosha kupimia; rula itakuja baadaye. Kama wiki ya tano au ya sita maua yatatokea, meupe au ya zambarau kulingana na aina ya mbegu. Huko juu Kieni kwenye baridi yatachelewa.

Sasa fungeni uzi mwekundu kwenye ua moja, na kila siku mwende kuliangalia. Petali zitanyauka na kuanguka. Watoto wengine huhuzunika, wanafikiri limekufa. Mwambie angoje. Ndani ya siku chache ataona kitu cha kijani chembamba kama sindano pale pale penye uzi, na hicho kitanenepa kiwe ganda la maharagwe. Mtoto akilipasua siku ya kuvuna akakuta mbegu zinazofanana na zile alizozipanda, hapo unaweza kukaa kimya. Ameona mwenyewe.

Na hapo ndipo mtoto anapoelewa kwa nini tunamkataza kuchuma ovyo. Ua la maharagwe likichumwa, ganda moja limepotea. Lakini ili asiishi kwa kukatazwa tu, mwonyeshe malenge. Malenge lina maua ya aina mbili kwenye mmea mmoja. Maua dume yana kijiti kirefu chembamba, na ndiyo hutangulia kutokea. Maua jike yana malenge dogo, kama gololi, chini ya petali. Lile dume mnaweza kuchuma mkabakisha machache kwa ajili ya nyuki. Lile jike haliguswi. Mtoto wa miaka minne anaweza kujifunza tofauti hiyo kwa dakika tano, na atakuwa akiwafundisha wageni.

Mahindi yanawashangaza hata watu wazima. Ile mbelewele ya juu ni maua dume, inamwaga unga. Nywele za gunzi ni sehemu ya maua jike, na kila unywele umeshikana na punje yake moja. Mahindi yakiwa machanga, menya moja taratibu bila kung'oa nywele, umwambie mtoto afuate unywele mmoja kwa kidole mpaka mwisho wake. Ndiyo sababu ukiona gunzi lenye mapengo, ujue kuna nywele ambazo ule unga wa juu haukuzifikia vizuri.

Walio na kahawa wasikose zile siku mbili tatu baada ya mvua ambapo mikahawa inakuwa myeupe shamba zima. Amsha mtoto asubuhi anuse. Maua hayo hayakai. Lakini mkiweka alama kwenye tawi moja, matunda yatawiva kwa kama miezi minane au tisa, na Krismasi ikikaribia mtoto atakuwa amejifunza maana ya kungoja.

Mikono na rangi

Mtoto hawezi kuandika kabla vidole havijapata nguvu. Kwa hivyo tunga shada. Kwa mtoto wa miaka mitatu tumia bua laini la nyasi na maua yenye shimo pana. Wa miaka mitano anaweza kutumia uzi na sindano kubwa butu ya kushonea magunia, mkiwa mmekaa pamoja. Kuchambua petali moja moja, kuviringisha, kubana, kuchoma kwenye uzi: haya yote ni mazoezi ya penseli.

Kukausha maua pia hakugharimu. Weka maua membamba kati ya kurasa za gazeti kuukuu, juu yake weka mawe au vitabu vizito, ngoja wiki mbili na ubadilishe gazeti likilowa. Gundi chemsha mwenyewe: unga wa ngano kijiko kimoja, maji nusu kikombe, koroga motoni mpaka iwe kama uji mzito, halafu ipoe. Kwa katoni ya dukani na maua makavu mtoto atatengeneza kadi ya kumpelekea babake anayefanya kazi Nairobi. Mwache abandike anavyotaka. Tumeona wazazi wanaomnyang'anya mtoto kazi "ili ikae vizuri". Ikikaa vizuri imekuwa ya mama.

Kuna jaribio moja ambalo hata walimu hulipenda. Mzazi amwagie maji ya moto petali za haibiskasi nyekundu ndani ya bakuli, angoje mpaka rangi itoke na maji yapoe. Gawa kwenye vikombe vitatu. Kimoja kiache. Cha pili kamulia ndimu, maji yatakuwa mekundu yenye kung'aa. Cha tatu tia magadi kidogo, yale ya kupikia, maji yatageuka kuelekea kijani. Usieleze mengi. Muulize tu: "Tukichanganya cha pili na cha tatu, itakuwaje?" na umwache ajaribu. Maji hayo si ya kunywa.

Maua yasiyoguswa

Hapa tunaomba msisome haraka haraka. Mtoto mdogo hujua vitu kwa mdomo, na si kila ua ni rafiki.

Kwanza ni yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, meupe au ya rangi ya chungwa, yenye harufu kali jioni. Yamepandwa kwenye nyua nyingi za huku milimani. Mmea wote ni sumu, kuanzia jani hadi mbegu. Humfanya mtu achanganyikiwe na moyo kwenda mbio. Oleanda, yenye maua ya waridi au meupe, iliyopandwa sana kando ya barabara na mbele ya majengo, nayo ni sumu kali ya moyo. Kariaria ina maziwa meupe ambayo yakiingia machoni yanachoma vibaya sana. Mbariki ni mbaya kuliko zote kwa watoto kwa sababu mbegu zake ni nzuri, zina madoadoa, na watoto wa zamani walizichezea kama shanga. Mbegu hizo zikitafunwa zinaweza kuua. Msizitumie kuhesabia, hata kama nyinyi mlizitumia. Lantana ina maua madogo ya rangi nyingi yanayovutia macho; matunda yake mabichi ya kijani ni hatari, na sisi tungesema mtoto mdogo asionje hata yale yaliyoiva.

Mtoto akila mmea usioujua, usimlazimishe kutapika. Mpanguse mdomo, chukua tawi la mmea huo, mkimbie hospitali iliyo karibu, ili daktari aone ni nini. Maziwa ya kariaria yakiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, halafu uende hospitali hata kama amenyamaza. Nyuki akimwuma, toa mwiba upesi. Uso ukivimba au pumzi ikiwa ngumu, hiyo si ya kungoja asubuhi. Mtoto mwenye pumu asiwekewe maua usoni anuse. Na wale walio chini ya miaka mitatu wasiachwe peke yao na maharagwe wala mbegu ndogo. Ikiingia puani au masikioni usichokoe na kijiti, maana unaisukuma ndani zaidi. Mpeleke dispensari.

Sasa neno kwa akina mama wa mashamba ya maua. Tunajua siku zile za kuelekea tarehe 14 Februari kazi inazidi na mnarudi usiku mmechoka kabisa. Tunajua pia kwamba wakati mwingine mnaleta nyumbani waridi zilizokataliwa, na watoto huzifurahia. Zitieni kwenye chupa juu ya meza, mtoto ahesabu kwa macho na kutaja rangi. Lakini zisiwe za kuchambua, kusaga wala kuweka mdomoni, kwa sababu zimepigwa dawa nyingi za wadudu na ukungu. Kwa michezo ya mikono tumieni maua ya uani ambayo hayajapigwa dawa. Vivyo hivyo viazi na nyanya zikitoka kupigwa dawa, mtoto asipelekwe kuhesabu petali siku hizo. Mama akifika nyumbani, avue nguo za kazi na anawe kabla ya kumbeba mtoto. Na mkebe wa dawa, hata uoshwe mara kumi, usiwe wa kupandia wala wa kuchezea.

Inatuuma kusema hivi, lakini tumewaona watoto wa akina mama wanaokata waridi siku nzima, na mtoto mwenyewe hajui kutaja rangi tatu. Mtoto huyo si mjinga. Hakuna mtu anayepata nafasi ya kukaa naye. Basi si lazima iwe saa nzima. Dakika kumi na tano za mtoto wa miaka minne ni nyingi, na akichoka, wacha. Mkiwa kwenye foleni ya maji, au mnamenya waru, au mnatembea kwenda stendi ya matatu, somo linaweza kuendelea. "Leo tutafute maua ya manjano tu." Inatosha. Jirani anayewalinda watoto watano wa wenzake naye mwelezeni mambo haya. Ikiwa mnamlipa kidogo kwa siku, si vibaya mkamwongezea kidogo kwa kazi hii.

Hapa tunawaonya pia wale wa upande wa pili, wanaotaka mtoto wa miaka mitatu aandike mpaka mia na kufanya tuisheni. Mchezo huu ukiugeuza kuwa mtihani, umeuharibu. Usimwite mbele ya wageni ahesabu petali kama kasuku. Usimlinganishe na wa jirani. Mtoto akikuambia ua la waru lina petali moja, usiseme "wapi!", kwa sababu petali za waru zimeungana na huenda ameona vizuri kuliko wewe.

Kuna watoto ambao hawaoni, au wamechelewa kutembea, na wazazi huwaficha ndani wakifikiri mambo haya si yao. Mtoto asiyeona anaweza kujua maua kumi kwa kunusa na kugusa: alizeti ina uso wa kukwaruza, mubangi ukiufinya una harufu yake kali, ua la malenge ni laini kama sikio la ndama. Mtoto asiyetembea mletee kapu. Wala usiogope kumpeleka PP1. Mwalimu akisema hamwezi, njoo parokiani Jumanne tuandamane nawe kwenda kuzungumza na ofisi ya elimu ya kaunti.

Mwezi wa Januari na Februari, shamba likiwa limekauka, maua ni machache. Bogenvilia huendelea kutoa hata kwenye jua kali, na yale makavu mliyoyahifadhi kwenye gazeti yatafaa wakati huo. Yawekeni mbali na mende, ndani ya mkebe wenye kifuniko.